Paking ya ghorofani Tanga: ununue, ukodi au uegeshe nje?

Ghorofa zinaongezeka Tanga na zimekuja na swali ambalo watu wa hapa hatukuwa nalo. Ngamiani, kuanzia Barabara ya Kwanza mpaka ya Ishirini na Moja, gari unaiacha mbele ya baraza na mtaa mzima unajua ni ya nani, ukirudi asubuhi kuna mzee atakwambia kabisa nani aliisogelea usiku. Apatimenti ni habari nyingine. Unaoneshwa vyumba, unaoneshwa jiko, kama ni upande wa Raskazone unaoneshwa na bahari, halafu mwisho kabisa wakati umeshachoka na hela kubwa imeshakubalika ndo dalali anakwambia "bosi, paking ina bei yake, unaichukua au tumpe mwingine?"

Usimjibu palepale. Hilo la "tumpe mwingine" linasemwa kwa kila mteja.

Niseme mapema ninavyoona mimi ili usome ukijua nasimamia wapi: kwa Tanga ya sasa watu wengi wanafaidika zaidi wakikodi paking kuliko kuinunua, na wale wachache ambao kununua kunawafaa wanunue kwa sharti moja, nafasi hiyo iwe imeandikwa kwenye hati. Siyo kwenye risiti, siyo namba iliyopigwa rangi ukutani. Kwenye hati. Mengine yote hapa chini yanatokana na hilo.

Kwanza jua unauziwa nini

Hapa ndo pana utata mkubwa kwa hiyo nakaa hapa kidogo. Mtu akikwambia nakuuzia paking anaweza kuwa na maana ya vitu vitatu tofauti na vyote vitatu vinauzwa kwa sauti ileile na wakati mwingine kwa bei ileile.

Cha kwanza ni nafasi ambayo ipo kwenye ramani ya jengo iliyosajiliwa, ina namba yake, na imeunganishwa na apatimenti yako au ina hati yake yenyewe. Hiyo ni mali. Unaweza kuiuza, kuiachia watoto, na akija mwenye jengo mpya hakutoi.

Cha pili ni haki ya kutumia. Eneo ni la wote ila mmekubaliana kwamba nafasi namba 9 anapaki fulani. Hii inaweza kuwa nzuri kabisa kama imeandikwa kwenye kanuni za chama cha wamiliki, lakini kilichoandikwa na kikao kinaweza kubadilishwa na kikao.

Cha tatu ni maneno. Umepewa risiti ya kitabu, wamekuandikia namba ya flati yako sakafuni kwa rangi nyeupe, mlinzi kaambiwa "hapa ni pa bosi huyu". Na watu wanalipia mamilioni hii kitu!

Kwanini inawezekana? Tanzania tuna sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008, ndo iliyowezesha ghorofa moja kuwa na hati nyingi, kila mwenye flati na hati yake. Sheria hiyohiyo inasema vile visivyo vya mtu mmoja, yani ngazi, lifti, paa, geti, uwanja, ni mali ya pamoja ya wamiliki wote na vinasimamiwa na chama chao. Sasa fikiria ramani iliyosajiliwa inaonesha uwanja wote wa nyuma ni eneo la pamoja, halafu mjenzi anakuja kukuuzia kipande cha uwanja uleule. Ukimlipa umenunua kitu ambacho majirani zako nao ni chao, na siku chama kikiamka kikasema paking ni ya wote, anayewahi ndo anapaki, wewe utaonesha risiti na wao wataonesha ramani. Ramani itashinda.

Kwa hiyo ombi la kwanza kwa muuzaji ni fupi tu, naomba kuona ramani ya jengo iliyosajiliwa na unioneshe nafasi hii iko wapi. Ukiona anaanza kusema hati "zinashughulikiwa", sawa, zinaweza kuwa zinashughulikiwa kweli, majengo mengi yanauzwa hati za flati hazijatoka. Lakini basi na hela ya paking nayo isubiri hati. Au ilipwe kidogo sasa na nyingi siku hati inatoka, na hilo liandikwe na wakili. Halafu fanya sachi ofisi ya ardhi kwa jina na namba za kiwanja ujue kama kiwanja chote kimewekwa rehani benki, maana kama mjenzi alikopea kiwanja basi na hiyo nafasi yako ya gari imo ndani ya rehani.

Kitu kimoja watu wanasahau, ardhi yetu ni ya umma na hati zinatolewa kwa muda, miaka 33, 66 au 99. Paking yako inaishi ndani ya muda uliobaki kwenye kiwanja. Kama kiwanja ni cha hati ya miaka 33 na imeshatumika 15, unanunua kitu chenye miaka 18 kabla ya kuanza habari za kuhuisha. Kwa flati utavumilia kwa sababu unaishi humo, kwa mstatili wa zege inabidi bei ishuke.

Sasa hesabu

Natumia namba za mfano, weka za jengo lako. Tuseme paking inauzwa milioni 12, na nafasi ya namna hiyohiyo kwenye jengo hilo au jirani inakodishwa 60,000 kwa mwezi. Ukinunua bado utalipa sevisi chaji ya nafasi, taa, usafi, mlinzi, tuseme 15,000 kwa mwezi. Anayekodi mara nyingi sevisi chaji iko ndani ya kodi yake.

Kukodi ni 720,000 kwa mwaka. Kumiliki kunakugharimu 180,000 kwa mwaka. Kwa hiyo ukinunua unaokoa 540,000 kwa mwaka. Gawa milioni 12 kwa 540,000, unapata miaka 22 na kidogo ndo hela yako irudi, na hapo sijaweka ushuru wa stempu asilimia 1, ambao kwa milioni 12 ni 120,000, wala wakili.

Lakini hesabu haijaisha hapo maana milioni 12 haikai bure, ingekuwa mahali pengine ingezaa. Hatifungani za serikali za muda mrefu, yani unaikopesha serikali na inakulipa riba, zile za miaka 20 na 25, kwa miaka mingi zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na unaanza na milioni moja tu. Chukua asilimia 10 kamili kwa wepesi. Milioni 12 inakupa 1,200,000 kwa mwaka, yani 100,000 kwa mwezi. Unalipa kodi ya paking 60,000 unabakiwa na 40,000 na milioni 12 yako bado ipo. Mwenye paking yeye ana paking.

Najua mtu atasema kodi itapanda. Ni kweli itapanda, kila kitu kinapanda. Kwa mfano huu kununua kunaanza kulingana na kukodi pale kodi inapofika kama 115,000 kwa mwezi (ile 100,000 ya hatifungani na 15,000 ya sevisi chaji), yani karibu mara mbili ya ilivyo sasa. Inaweza kufika. Ila Tanga bado kuna viwanja vya wazi katikati ya mji, kuna barabara pana za zamani kule mjini ambazo jioni maduka yakifungwa zinabaki tupu, kuna watu wenye uwanja nyuma ya nyumba ambao wangefurahi kupata elfu hamsini kwa mwezi kwa kukuachia geti. Mpaka hivo viishe ndo kodi ya paking itapaa, na sioni vikiisha haraka. Dar, Kariakoo au Upanga, ningekuandikia kitu tofauti kabisa.

Na tafadhali usikope kununua paking. Mkopo wa asilimia 15 kwa milioni 12 riba peke yake mwaka wa kwanza inakaribia 1,800,000, hiyo ni 150,000 kwa mwezi kwa kitu unachoweza kukodi kwa 60,000. Hata kama benki imekubali kuijumlisha kwenye mkopo wa nyumba na marejesho yanaonekana yameongezeka kidogo tu, hicho kidogo utakilipa miaka 15.

Kipimo cha haraka kama hutaki hesabu ndefu: chukua bei, gawa kwa unachookoa kwa mwaka. Ikitoka chini ya 10, ongea na muuzaji kwa moyo mkunjufu. Ikitoka juu ya 15, kodi. Katikati hapo ndo angalia maisha yako yalivyo.

Bahari ina kauli yake

Hii inatuhusu sisi wa pwani na watu wa bara wanaohamia hapa hawaijui mpaka waone rimu imeanza kuchubuka. Upepo wa kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, unatoka baharini na unaleta chumvi. Gari inayolala Raskazone wazi, asubuhi ukipitisha kidole kwenye kioo unahisi unga wa kunata, na huo unga uko pia chini ya gari, kwenye sahani za breki, kwenye mabomba, kwenye skrubu za namba. Juu yake jua linapiga, dashibodi inapasuka, mipira ya milango inakauka. Kwa hiyo paking yenye paa Tanga ina thamani kuliko Dodoma, hilo nakubali bila ubishi.

Ila siyo kila paa ni kinga. Kuna namna mbili za paking za chini ya jengo hapa kwetu. Kuna ile ya nguzo, ghorofa ya chini iko wazi, magari yanakaa katikati ya nguzo na upepo unapita. Unapata kivuli, chumvi inaingia kidogo lakini unyevu haukai. Na kuna besmenti. Besmenti karibu na bahari mimi naiogopa. Hewa haitembei, gari inaingia ikiwa na maji ya mvua na chumvi, na inakaa na ule unyevu usiku mzima bila kukauka, kutu inapenda mazingira hayo kuliko hata ya nje. Halafu masika, Machi mpaka Mei, maji yanashuka na njia ya gari yanakwenda chini, pale kuna pampu ya kuyatoa, na umeme ukikatika pampu inasimama kama jenereta haijaunganishwa nayo.

Ukienda kuangalia besmenti usiangalie sakafu, sakafu imeshafagiliwa. Angalia kuta. Maji yakiwahi kutuama yanaacha mstari, juu ya mstari rangi ni safi na chini yake imefifia au imevimba, wakati mwingine wamepaka rangi mpya ya mafuta ya kimo cha goti kuzunguka ukuta mzima. Waulize kwanini rangi mpya imeishia hapo.

Inua na kichwa pia. Zege inayovuja inadondosha maji yenye chokaa, na yale maji yakikauka kwenye boneti yanaacha alama nyeupe ngumu ambazo shampoo haitoi na mara nyingine zinakula rangi. Ukiona dari ina michirizi myeupe au vile vidole vidogo vinavyoning'inia kama matone yaliyoganda, usinunue nafasi iliyo chini yake hata ukipewa nusu bei. Na mara nyingi zinakuwa chini ya bafu au chini ya tangi la maji, kwa hiyo kuvuja kwake siyo kwa msimu.

Kuegesha nje, faida zake na balaa zake

Nje ni bei rahisi, wengine ni bure kabisa, wengine mnachanga mlinzi wa mtaa mkiwa na magari sita saba. Mjini mchana kuna ushuru wa maegesho lakini kama gari unaondoka nayo asubuhi haikuhusu sana.

Balaa zake unazijua, saidi mira, taa, betri, tairi ya spea kwa zile gari ambazo spea iko nje. Kama una bima kubwa wizi unafidiwa kwa masharti yao, kama una thadi pati hulipwi chochote kwa gari yako mwenyewe, na wengi wetu tuko thadi pati kwa hiyo tusijidanganye. Kunguru na kinyesi chao, ambacho kikikaa juani siku nzima kinachoma rangi. Minazi, na hii siyo ya kuchukulia juu juu, nazi moja inatosha kuvunja kioo cha mbele. Kabla hujaegesha chini ya kivuli kizuri angalia kivuli hicho ni cha nini.

Halafu kuna maisha ya mtaa. Mtaa wa Tanga ni wa shughuli, wiki hii harusi, wiki ijayo hitma, turubai linafungwa katikati ya barabara usiku, viti vinapangwa, na gari yako kama ilikuwa upande wa ndani haitoki mpaka watu wamekula na kuondoka. Hamna wa kumlaumu na usimlaumu mtu, kesho ni shughuli yako. Ila kama kazi yako ni ya kuitwa saa tisa usiku, tuseme ni daktari au nesi pale hospitali ya Bombo, hilo peke yake linatosha kukutoa barabarani.

Kwa mwenye IST ya kawaida, anayeondoka saa moja na kurudi saa kumi na mbili, mwenye jirani wanaojuana, nje na mlinzi bado inalipa. Sioni aibu yoyote kusema hivo. Kwa mwenye pikipiki sina la kuongeza, usinunue paking ya gari kwa ajili ya pikipiki, omba kona.

Chukua tepu

Nafasi za paking nyingi zinachorwa mita 2.5 kwa 5. Kwenye karatasi inaonekana kubwa. IST ina upana wa karibu mita 1.7, inabaki sentimita 80 za kugawana kulia na kushoto, mlango unafunguka unatoka vizuri. Prado ina karibu mita 1.9 bila kuhesabu saidi mira, inabaki sentimita 60 tu, na kama upande mmoja ni ukuta na mwingine ni nguzo utajikuta unatoka kwa kubana tumbo au abiria wote wanashuka kabla hujaingia. Mama mwenye mtoto wa kufunga kwenye kiti cha nyuma hawezi kabisa.

Kwa hiyo usipime mistari, pima nafasi ya kufungua mlango kati ya nguzo na nguzo. Pima na kimo, chini ya boriti ya chini kabisa na chini ya bomba la maji taka linalopita darini, siyo chini ya dari. Hiace ya paa refu inafika karibu mita 2.3, besmenti nyingi hazifiki huko. Na pima sehemu ya kugeuzia, kama gari inaingia kwa kona ya mraba basi njia ya mbele yake ikiwa chini ya mita 5 utakuwa unarudi nyuma mara tatu kila jioni. Bora zaidi omba uingize gari yako mwenyewe, jioni, majirani wakiwa wamesharudi. Mchana kila paking ni kubwa.

Nafasi za mfululizo, gari moja nyuma ya nyingine, usinunue. Kodi ukitaka. Kununua mfululizo ni kununua ratiba ya mtu usiyemjua, na akihamia mpangaji mpya ratiba inabadilika wewe ukiwa hapohapo.

Basi nani anunue?

Jengo lenye flati 20 na nafasi 12, zote zina hati, na unajua unakaa hapo miaka kumi na zaidi: nunua, na nunua mapema kabla wale wanane hawajagundua hesabu. Hapo uhaba upo ndani ya jengo lenyewe, hauhusiani na viwanja vya wazi vya mtaa wa pili, kwa sababu mtu aliyebeba mchele na maji ya dumu hataki kuvuka mtaa.

Nyumba yenye mzee au mgonjwa asiyeweza kutembea hatua nyingi, nunua kama uwezo upo, na chagua iliyo karibu na lifti hata kama ni ghali kidogo. Hapa sitaki hesabu za hatifungani. Mzee kushushwa kwenye kivuli akaingia ndani bila kulowa ni kitu ambacho hela yake ni halali.

Anayenunua flati ili apangishe, hapa ni pagumu kidogo. Mpangaji mwenye uwezo hapa mjini mara nyingi ni mtu wa kampuni, wa bandari, wa saruji, au wa mradi wa bomba la mafuta ghafi, lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani. Watu hawa wanakuja na gari kubwa na wanauliza paking kabla hata ya kuuliza maji. Flati bila paking wanaiacha. Lakini Tanga ni mji wa waja leo waondoka leo, ujenzi ukiisha timu za ujenzi zinaondoka, wanabaki waendeshaji ambao ni wachache. Kwa hiyo usipige hesabu ya miaka 20 kwa wapangaji wa mradi. Ningekuwa mimi ningepatana na mwenye jengo nikodi nafasi moja kwa jina la flati, mpangaji akiwepo nalipia kutoka kwenye kodi yake, asipokuwepo naiachia.

Na kama unafikiria utainunua kisha uikodishe kwa watu wa nje, uliza kwanza kanuni za jengo. Majengo mengi hayaruhusu gari ya mtu asiyekaa humo, kwa sababu za ulinzi, na wana haki. Hilo linagusa hata kuuza: siku ukitaka kuiuza peke yake wanunuzi wako ni wale tu walio ndani ya jengo hilo, na wao wakijua huna mwingine wa kumuuzia watakupa bei wanayotaka wao. Ukiiuza kwa faida kuna kodi ya serikali ya asilimia 10 kwenye hiyo faida. Na kama imo ndani ya hati ya nyumba ya familia mwenza wako lazima aridhie, kwa hiyo mke au mume ahusike toka siku ya kununua, siyo aitwe kusaini tu.

Kukodi nako kuna namna yake

Niliposema ukodi, sikumaanisha kumpa mlinzi elfu hamsini kila tarehe moja. Kodi kwa maandishi. Mkataba useme namba ya nafasi, siyo "nafasi moja ndani ya jengo", maana hiyo ya pili ukirudi saa tatu usiku utaambiwa nafasi yako leo iko pale kwenye mfuniko wa chemba. Useme kodi haipandi ndani ya mwaka na ikipanda unaambiwa miezi mitatu kabla. Useme nani anawajibika bomba likipasuka juu ya gari. Na ujue unamlipa nani, kwa sababu kama eneo ni la pamoja basi hela inatakiwa iende akaunti ya chama, na ukiambiwa tuma kwenye namba ya simu ya mtu binafsi uliza kikao kinajua?

Kipengele ninachokipenda kuliko vyote ni hiki: mwenye nafasi akitaka kuiuza, wewe mpangaji unaambiwa kwanza na unapewa siku 30 za kujibu kwa bei ileile atakayomuuzia mwingine. Wenye paking wengi wanakubali bila shida kwa sababu hakiwagharimu kitu, na wewe kinakuondolea ile presha ya dalali. Unakaa mwaka mzima, unaona kaskazi inavyopiga upande huo, unaona masika maji yanakwenda wapi, unajua nguzo ile inakusumbua au umeshaizoea, unajua chama kinafanya vikao au ni jina tu. Ndani ya mwaka huo hati nazo pengine zimetoka.

Kama muuzaji anasema hapana, ni sasa au basi, rudi kwenye bei ya flati yenyewe. Kabla hujalipa chochote una nguvu, ukishalipa huna. Mwambie flati na paking kwa pamoja ni kiasi hiki, na kwenye mkataba bei ya kila kimoja iandikwe pembeni yake, na nafasi itajwe kwa namba ileile iliyopo kwenye ramani. Akikubali kupunguza mpaka ile hesabu ya kugawa ikashuka kwenye 10 au chini ya hapo, na ramani umeiona kwa macho, na gari yako umeiingiza ikatoka, saini. Akikataa chukua flati uache paking, halafu jioni tembea mitaa miwili kuzunguka jengo ukaulize kwa wenye mageti.